Tangazo la Baba Lilivyofika Ntobeye

Baba alipofariki tulilipia tangazo la kifo kwenye redio ya taifa. Ndugu wa Nemba, kule Biharamulo, walilisikia wakapanda gari, wakawahi mazishi. Sisi wenye msiba, hapa Ntobeye mpakani, hatukusikia kitu. Redio yetu ilikamata vituo vya Burundi tu, vizuri mno, utadhani mtangazaji amekaa jikoni. Mimi jambo hilo lilinitia hasira, na hasira zangu hazijawahi kumsaidia mtu. Mama lilimuuma. Alitaka jina la mumewe litajwe siku moja naye akiwa nyumbani kwake, alisikie kwa masikio yake.

Simu nazo zilikuwa na vituko vyao. Mtandao wetu ukififia, simu ilihamia ule wa ng'ambo bila kuaga, na saa yake ikarudi nyuma, kwa kuwa wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Tumeshakosa misa kwa ajili hiyo.

Ndipo redio ya taifa ikaandaa kipindi. Watu wa vijijini wangepigiwa simu, wawaulize hewani wakubwa wa mawasiliano kuhusu mpango wa serikali wa kujenga minara kule ambako kampuni hazioni faida. Mwenyekiti wa kijiji akamteua mama, kwa kuwa haogopi kusema. Akamfundisha aanze na mheshimiwa, ashukuru, aombe, ashukuru tena. Angepita kwetu kabla ya saa nne warudie kidogo.

Asubuhi ya kipindi simu ilionyesha saa tatu. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage, hana wasiwasi. Ikaita.

"Shikamoo mama, uko hewani."

"Marahaba. Hewani wapi? Mbona mapema?"

"Ni saa nne, mama."

Aliitazama simu, akaja juu. "Unaona sasa! Hii inasema saa tatu. Imekwenda Burundi tena! Hata mwenyekiti aliyenipa maneno mazuri ya kuwaambia hajafika, nadhani simu yake nayo iko huko huko." Mtangazaji akacheka. Mama hakucheka. "Mwanangu, nilimtangaza mume wangu kwenye redio yenu. Nemba walisikia. Mimi niliyekaa na mwili wake sikusikia. Hiyo serikali yangu nitaisikia lini?"

Simu ikakatika.

Mwenyekiti alifika baadaye, amevaa koti, akamkuta amerudi kwenye maharage.

"Umeshukuru?"

"Sikuwahi."

Akashika kichwa. Alikuwa na hakika tumeupoteza mnara, na hakuna mtu kijijini aliyeweza kumwambia vinginevyo, maana kipindi chenyewe hakikusikika huku. Kwa siku kadhaa mama aliikwepa njia ya ofisi ya kijiji. Aliyetutoa hofu ni shangazi yangu wa Nemba, dada yake baba. Alipiga kutuambia kwamba watu walisimama sokoni kumsikiliza mama, na kwamba mkubwa mmoja wa mawasiliano aliahidi kufuatilia.

Sijui kama ni maneno ya mama au zamu yetu ilikuwa imefika tu. Mwenyekiti anasema ni vikao vyake, na mama amemwachia sifa hiyo bila ubishi. Mnara ulijengwa, na juu yake wakafunga mtambo wa redio.

Misa ya kumbukumbu ya baba ilipokaribia, tulipeleka tangazo. Jioni ambayo lingesomwa, mama alifagia uwanja kana kwamba wageni wako njiani, akafukuza kuku, akatunyamazisha wote. Yakasomwa matangazo ya watu wengine, na mimi nikaanza kuwachukia marehemu wa watu. Halafu likaja jina la baba, majina yote matatu, na Ntobeye ikatajwa. Nililia, na wala sioni haya kusema ni furaha iliyoniliza.

Mama yeye alinyakua simu. Mtangazaji alikuwa ameingia kwenye orodha ya ndugu wanaoarifiwa, na ukoo wetu si mdogo.

"Wifi, unasikia?"

"Nasikia," shangazi akajibu. "Bado anasoma."

"Na huku bado anasoma," mama akasema. Wakasikiliza wote wawili, simu zikiwa masikioni, mpaka mtangazaji alipomaliza.