Chuoni Wanaita Karibu

Karibu ni neno ambalo mtu hafikirii kama linaweza kuchafuliwa. Unamwambia mgeni aliyesimama mlangoni, unamwambia jirani aliyekukuta mezani, unamwambia hata mtu usiyempenda kwa sababu ulimi umeshazoea. Sasa, kipo chuo kimoja cha ufundi, chenye geti la chuma na kaulimbiu iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu, ambako Karibu ni jina la jambo wanalofanyiwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza nyuma ya bohari, Jumamosi ya pili baada ya kufika. Wa mwaka wa tatu hupanga, wa mwaka wa pili hushika, wageni hupiga magoti. Ukiuliza ni kitu gani hasa, utaambiwa ni utani tu, vijana wanazoeana. Mtoto wa Mama Pasi alikaribishwa Jumamosi mchana. Jumatatu asubuhi alikuwa amekufa.

Mama Pasi ni dobi. Jina hilo alipewa na wateja kabla hata hajapata mtoto wa kuitiwa, naye alilipokea bila kinyongo. Chumba chake cha kazi kina mlango wa mbele wa wateja na wa nyuma wa kutokea uani kwenye kamba. Katikati ipo meza ndefu iliyofunikwa blanketi lililoungua hapa na pale, pasi mbili, na mabeseni manne yaliyopangwa kwa ukubwa. Mwanamke huyu ana pua. Ukimletea shati atalinusa na kukwambia jana ulikaa karibu na jiko la mkaa, au karibu na mtu ambaye mkeo asingefurahi kumwona. Wateja hucheka, wengine wakiangalia pembeni.

Ana pia daftari. Miaka ya mwanzo mteja mmoja alimfanyia fujo mbele ya watu, akidai ameharibiwa suti, kumbe doa lilitoka nyumbani kwake. Tangu siku hiyo hakuna nguo inayoguswa na maji kabla haijaandikwa: ya nani, imeingia lini, ina doa gani, mahali gani, na kama litatoka. Anaandika huku anapiga soga, anaandika akiwa na homa. Husema mkono wake una akili zake wenyewe, haungoji za kichwa.

Alizaa mara mbili. Binti aliolewa mbali. Kitindamimba nyumbani aliitwa Fundi Mkuu, kwa kuwa tangu ana miaka sita alikuwa akifungua pasi za mama yake na kuzifunga tena zikibakiza skrubu moja, ambayo aliapa kwamba haikuwa na kazi. Baba yake alipofariki, yeye ndiye aliyekuwa akianika mashuka makubwa yasiyoanikwa na mtu mmoja, mama huku, mtoto kule. Chuo kilipomchukua kusomea umeme, Mama Pasi alimnyooshea mashati sita akamwambia, "Ukirudi hata moja limepauka, usinijue." Kijana akacheka, akabeba begi lake. Huko alikaa siku kumi na mbili.

Simu iliingia Jumapili jioni. Hospitalini muuguzi alisema mgonjwa aliletwa mchana na vijana wawili ambao hawakuacha majina. Daktari alizungumza habari za figo na damu iliyovujia ndani. Mama Pasi alishika mkono wa mwanawe mpaka kulipokucha, na mkono ule haukumshika. Baada ya yote kwisha, muuguzi alimpa mfuko wa plastiki wenye nguo.

Nyumba ilijaa watu. Wapo ambao wakifiwa hupiga kelele, na wapo wanaokaa wakitazama ukuta. Mama Pasi alipita katikati ya waombolezaji, akaingia chumbani kwake kwa mlango wa nyuma, akafua. Alifua shati na suruali ya mwanawe, akaanika, akapiga pasi, akatundika kwenye hanga. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Mwenyewe baadaye hakukumbuka hata alitumia sabuni gani.

Wiki tatu zikapita, ikaja barua. Aliileta shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, mtu mpole anayeogopa ofisi. Walikuwa wamemwita chuoni, wakamkalisha kwenye kiti cha sofa, wakampa soda, wakampaka mafuta kwa mgongo wa chupa hadi akang'aa. Barua ilisema kijana aliteleza ngazini wakati wa "shughuli ya hiari ya kukaribishana, iliyoandaliwa na marafiki wachache bila chuo kuwa na taarifa". Chini palikuwa na mstari wa saini. Familia ingepokea mkono wa pole, na isingedai kitu chochote kwa mtu yeyote, wakati wowote.

Someni tena maneno hayo. Ya hiari. Marafiki wachache. Kijana wa siku kumi na mbili, ambaye alikuwa bado anauliza choo kiko upande gani, walishampatia marafiki!

"Shemeji, tutie saini tumalize," alisema yule mtu mpole. "Mtoto harudi."

"Hilo unaniambia mimi?"

"Nasema tu. Wale wana mawakili, wana majengo. Sisi tuna nini?"

"Tuna maiti," alisema Mama Pasi. Shemeji akaangalia viatu vyake.

Kesho yake alifunga duka, akapanda ngazi za jengo moja lenye duka la vipuri chini, akabisha hodi kwa wakili. Alikuwa mwanamke kijana, mwenye mafaili mpaka sakafuni na feni iliyogeuka upande mmoja tu. Alisema "Shikamoo, mama," akaondoa mafaili kwenye kiti, akaisoma barua mara mbili. Mara ya pili uso ulimwiva.

"Usitie saini. Hii imeandikwa kwa ajili yao, siyo yako."

"Nisipoitia, nina nini?"

"Una mengi. Wanataka usiyajue." Wakili akasogeza kiti. Waliompiga, alisema, ni kesi ya jinai. Hiyo ni ya serikali. Polisi wanachunguza, mwendesha mashtaka anashtaki, na saini yako haina uwezo wa kuiua. Hata ukisamehe, kosa liko palepale. Halafu anaweza kuombwa hakimu achunguze kifo chenyewe, watu waitwe, waapishwe, waseme kijana alikufaje.

"Na chuo?"

"Chuo ndiyo kesi yako wewe. Madai. Unakishtaki kwa uzembe, kwamba kilikabidhiwa mtoto kikamwacha aumizwe. Hiyo ndiyo wanayotaka kuizika kwa hii karatasi. Na ina muda wake, mama, ukipita imepita. Ila kuna kazi. Lazima tuonyeshe walijua. Wakisema hawakujua, watawatupia wale vijana mzigo wote wao wanawe mikono."

Mama Pasi aliitikia kwa kichwa polepole. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kuna mahali pa kuweka mguu.

"Nguo alizovaa siku ile," wakili aliuliza, "zipo?"

"Zipo," akajibu, na kwa mazoea ya miaka thelathini akaongeza kwa fahari, "safi kabisa."

Wakili aliweka kalamu chini. Mama Pasi aliuona uso wake, akautazama, na ndipo jambo lenyewe likamwingia. Mikono yote duniani ingeweza kuharibu ushahidi wa mwanawe, na iliyoharibu ni yake, tena kwa ufundi, kwa maji baridi kwanza ili damu isigande.

"Nimewasaidia," alisema. "Jamani, mimi mwenyewe nimewasaidia."

"Mama, hukujua. Jikaze. Unaweza kukumbuka zilikuwa na nini?"

"Sikumbuki kitu. Siku ile sikuwa na macho. Nilichukua tu zile nguo nika..." Kisha akasimama, akachukua mkoba wake, akashuka ngazi bila hata kuaga.

Daftari lilikuwa juu ya meza, palepale linapokaa siku zote. Alifungua ukurasa wa Jumatatu ile. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka kama wa siku yoyote, na hakukumbuka hata neno moja la kuuandika. Akausoma amesimama:

Fundi Mkuu. Shati jeupe 1. Mgongoni alama za soli, nne, hazilingani. Kola damu, maji baridi. Kifuani namba 14, wino wa kalamu nene, tumia spiriti, utatoka. Suruali 1. Magoti yote saruji, uzi umelika, haitengenezeki.

Akaketi. Alilia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia msibani, na mteja aliyekuwa anaingia na shuka zake akageuza mlangoni kimyakimya. Aliyalilia magoti yale. Alililia shati alilolinyoosha mwenyewe. Kisha hasira ikaja ikakausha machozi, maana alikuwa dobi na soli anazijua: nne zisizolingana ni miguu ya watu tofauti. Ngazi gani hiyo iliyovaa viatu?

Wakili aliusoma ukurasa huo akiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa.

"Uliandika siku ileile?"

"Kabla ya maji. Tazama juu yake, shuka za nyumba ya wageni. Chini yake, sare za watoto wa jirani. Wateja wenyewe wapo, waulize."

"Na hii kumi na nne?"

"Ndiyo sijui. Shati lake halikuwa na namba. Nilimpa mimi."

"Mama, marafiki wachache hawaandikani namba vifuani." Wakili aligonga ukurasa kwa kidole. "Mtu haitwi wa kumi na nne kama hakuna wa kumi na tatu. Huu ulikuwa mpango. Kulikuwa na orodha."

Siku hiyohiyo walikwenda polisi na nakala ya ukurasa, wakaandikisha maelezo. Wakili akapeleka chuoni barua ya kutaka picha za kamera za getini zisifutwe na kitabu cha bweni kisiguswe. Mwalimu mmoja wa zamu aliambiwa aseme hajui, akasema hajui. Wanafunzi walikuwa wameambiwa atakayeongea atafukuzwa. Lile la muhimu, kwamba chuo chenyewe kilijua, lilibaki mikononi mwa watu walioziba midomo yao na ya wengine. Na siku ya kutia saini, waliyoipanga wao, ikafika.

Mlezi wa wanafunzi aliwapokea ofisini kwake: meza ya kioo, vikombe vya mashindano kabatini, na karatasi imeshatandazwa na kalamu juu yake. Alikuwa mtu wa tabasamu la kudumu. Alipoambiwa kwamba yule mwanamke kijana ndiye wakili aliyeandika ile barua, alitabasamu vilevile, kana kwamba Mama Pasi amekuja na mwavuli siku ya jua. Shemeji alikaa pembeni na koti lake la sherehe.

"Mama, sisi sote tumeumia," mlezi alianza. "Yule alikuwa mtoto wetu pia. Lakini vijana ni vijana. Alikwenda mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Na sisi kama uongozi hatukuwa na habari kabisa."

Wakili akafungua mdomo. Mama Pasi akamgusa goti chini ya meza, akaishika kalamu.

"Nimekusikia, baba," alisema kwa upole, ule upole anaoutumia kwa mteja aliyeficha doa mfukoni. "Kabla sijaandika, nitoe hofu moja. Wangu alipewa namba kumi na nne. Hao wenzake wako hali gani? Na mimi ni mzazi. Nisije nikamaliza langu hapa, kumbe mwenzangu yuko mahali ana mgonjwa."

Mlezi alishusha pumzi. Lilikuwa swali la mama mwema, anayekaribia kumaliza shauri, na kalamu ilikuwa mkononi mwake tayari.

"Ondoa shaka, mama yangu. Wale ishirini na mmoja wote wazima. Niliwahesabu mimi mwenyewe bwenini Jumamosi ileile, kabla ya chakula cha jioni."

Wakili alikuwa anaandika. Alimwomba arudie ile idadi, tafadhali. Hapo ndipo mlezi alipoyasikia maneno yake mwenyewe, na tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe.

Mama Pasi aliweka kalamu mezani.

"Uliwahesabu," alisema, na sasa upole ulikuwa umekwisha. "Jumamosi. Ukapata ishirini na mmoja, wa ishirini na mbili ni wangu, ukajua mmoja kapungua, ukaenda kula. Mimi nilipigiwa simu Jumapili jioni. Mwanangu alilala wapi?"

Ni shemeji, yule mtu mpole anayeogopa ofisi, aliyenyanyuka kwanza. Aliichukua karatasi isiyo na saini, akaikunja mara mbili, akamkabidhi wakili.

"Jibu swali la shemeji yangu," alimwambia mlezi. "Mtoto wetu mlimlaza wapi?"