Kozi Wapitao Juu ya Leso Nyekundu

Kisiwa chetu hakina mlima. Anayetaka kutazama mbali Mombasa hana budi kupanda nyumba, na nyumba yetu ya Mji wa Kale, niliyoirithi pamoja na kaka yangu, ina orofa nne na paa bapa lenye ukingo unaonifika kiunoni. Huo ndio mlima wangu. Kila mwaka, kaskazi inapokatika na kusi haijashika, hupanda pale na darubini, kofia ya ukili na chupa ya maji, nikahesabu ndege wa mawindo wanaorudi kwao kaskazini: kozi, vipanga, na mara mojamoja tai. Nasomesha, kwa hiyo likizo ya Aprili, ambayo wenzangu huilala, mimi huimaliza juani.

Kazi hii ina adabu zake. Mwewe wanaozunguka juu ya soko la samaki hawahesabiwi, kwa kuwa hao ni wakazi na hawaendi popote. Kunguru hawahesabiwi pia, lakini husaidia: wakiruka wote kwa mayowe, yafaa kutazama juu yao, maana wamemwona mkubwa wao. Kozi nao hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye mabati ya Majengo, wakazunguka ndani yake na kuinuka bila kupiga bawa. Mwenye pupa huwahesabu hapohapo, akamhesabu mmoja mara tatu. Mwenye subira huwangoja wafike juu kabisa, waache kuzunguka, wateleze mmoja mmoja kushika safari. Anayezunguka bado hajasema aendako. Nimewahukumu watu kwa kanuni hiyo na haijanitia aibu.

Tena mbingu haina nguzo. Anayehesabu huchagua alama upande wa kaskazini, na ndege huandikwa anapoipita alama hiyo, si kabla. Alama yangu kwa miaka mingi ilikuwa antena kuukuu juu ya nyumba ya jirani yangu, ng'ambo ya kichochoro. Mvua za mwaka jana ziliiangusha, nami nikawa sina mpaka wa kuaminika.

Jirani huyo ni mwanamke wa makamo kama mimi, mpishi wa mahamri yanayonunuliwa na mtaa mzima. Uani kwake kuko wazi chini ya paa langu, na jambo hilo silichukulii wepesi. Nimelelewa katika mji ambao mkwezi hapandi mnazi bila kupiga ukelele, ili walio nyuani wajisitiri. Mimi ni mwanamke, na hakuna anayelazimika kujifunika kwa ajili yangu. Hata hivyo sijawahi kufungua mlango wa paa bila kuita.

"Hodi, wenye nyua! Mkwezi yuko juu!"

"Mkwezi asiye na mnazi!" hunijibu jirani kutoka jikoni. "Ukiangua, usitusahau!"

Mwaka huu hakunijibu. Binti yake alikuwa ameposwa, na posa kwetu huwekwa chini ya mkeka hadi wazee wamalize maneno. Hii ilitoka chini ya mkeka mapema. Baada ya wiki moja tu, kila baraza lilikuwa linajua wageni walikuja na nani na walikaa wapi. Aliyeitoa simjui. Mimi mwenyewe nilipata habari ya posa hiyo siku jirani aliponisimamisha kichochoroni kunishtaki kwamba ni mimi niliyeitoa.

"Nani mwengine ana mato ya chupa mawili mtaa huu?" aliniuliza, akimaanisha darubini yangu. "Ati ndege! Mwalimu, wewe wahesabu madhambi ya watu."

"Nahesabu kozi."

"Kozi haliwi, wamhesabia nini? Hata kuku anayeliwa hahesabiwi hivyo!"

Watu walicheka, na nikaelewa kwamba wamemwamini. Nilijua sababu. Mimi ndimi niliyewakemea wanaotupa taka kichochoroni, na wanaopiga ngoma za arusi wakati wa adhana. Mtu mkali akishika darubini, nani ataamini kwamba anatazama mbinguni? Lakini sikukubali kuwa mlegevu wa maneno ili niaminiwe macho. Na hao waliogeuka walinzi wa sitara siku ile ni walewale ambao ugomvi wa mtu na mkewe ukizuka hutoa simu wakaurekodi. Kutazama hakujamvunjia mtu nyumba. Kusimulia ndiko kunakovunja.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kamba imefungwa kutoka ukuta hadi ukuta juu ya ua wake, kimo cha paa langu, na juu ya kamba leso mpya nyekundu kutoka Biashara Street, jozi nzima, haijakatwa wala kupindwa. Leso ya kuvaliwa hukatwa; hii ilikuwa ya kusomwa. Maandishi yalielekezwa kwangu: CHUNGA YAKO YA MWENZIO YANA MWENYEWE.

Kila mwanamke wa Pwani anajua sheria ya leso ya namna hiyo. Hujibiwa kwa leso. Anayenyamaza amekiri. Shoga zangu wawili walinijia jioni ileile, kila mmoja na jina la leso aliloliona dukani, moja kali kuliko jingine. Niliwaambia kwamba sitafundisha watoto wa watu adabu mchana na kuning'iniza matusi asubuhi.

"Basi utahesabiwa mkosa," alisema mmoja.

"Na nihesabiwe. Kesho napanda."

Nikapanda, nikaita hodi yangu, na siku ya pili nikaita tena, kwa sauti kubwa zaidi. Ndipo jirani akamwendea kaka yangu kwake Tudor. Nyumba ni yetu sote wawili, na yeye ndiye mkubwa. Akiamua kulifunga paa, sina pa kusimama, na msimu huwa haumngoji mtu atafute paa jingine. Alifika Jumamosi, tuktuk ikamshusha mwanzo wa kichochoro kwa kuwa haipiti, akaja akijifuta jasho.

"Ndugu yangu, nipe ufunguo wa paa," alisema hata kabla ya kuketi.

"Nitakupa. Huko huko juu."

"Nimeshiba ngazi mimi!"

"Umekuja kuhukumu, kaka. Hakimu huenda kuona mahali penyewe."

Alipanda akihema na kunilaumu kila orofa. Nilipofungua mlango niliita kama kawaida, na jirani, aliyekwisha kumwona akiingia, alijibu kutoka chini.

"Mpokonye hizo chupa, kaka! Umfungie na mlango!"

Nilimvisha kaka yangu darubini shingoni. "Tazama uani kwake," nikamwambia. "Uniambie umeona nini, nami nitakupa ufunguo."

Akainama ukingoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarekebisha kioo.

"Naona wekundu," alisema.

"Na nini tena?"

"Wekundu mtupu." Akashusha darubini, akatazama kwa macho yake, kisha akaanza kucheka kwa kifua chote. "Mama wee! Pazia umetia mwenyewe, kisha waja kwangu kushtaki? Huyu ataona nini hapa, ila maneno yako?"

"Basi naitoa!" alisema jirani.

"Itoe," nilimjibu. "Ua wako utakuwa wazi, nami nitakuwa papa hapa. Sishuki."

Nilisikia kamba ikivutwa, halafu ikaachwa. Wakati huohuo kunguru wa mtaa mzima waliruka kwa kelele, nami nikamnyang'anya kaka yangu darubini shingoni mwake. Juu ya Majengo kozi walikuwa wanazunguka, weusi, wadogo, wengi, wakiinuka.

"Ndoo uone," nilimwambia.

"Naona vidoa tu. Wahesabu au huhesabu?"

"Bado hawajaondoka."

Walipoanza kuteleza, nilitafuta alama, na alama ilikuwa pale, upande wa kaskazini: ukingo wa juu wa leso, mwekundu, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, mzuri kuliko antena yoyote. Wa kwanza akapita juu yake. Nikahesabu kwa sauti, ili asikie kila mwenye haja ya kujua ninachohesabu, na sikunyamaza hadi alipopita wa mwisho. Kaka yangu aliteremka bila kuuliza tena ufunguo.

Leso iko palepale hadi leo. Jua limeipausha, na maandishi yake yamefifia, ingawa mimi bado nayasoma kila asubuhi. Jirani hanisalimu. Mimi humsalimu, na huita hodi kabla ya kufungua mlango. Siku akiishusha, nitampelekea nyingine nyekundu mwenyewe, nisikose alama, asipoitaka aichane, na kaskazi ikikatika nitakuwa juu.