Nilipunguza sauti ya spika ili kaka arudi kutoka ziwani (Baraka, miaka ya hamsini)

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee, vidole vinatetemeka kwenye simu, mnivumilie. Haya yalinikuta mjini Baraka, kando ya ziwa, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Siongezi chumvi.

Nilikuwa fundi redio kwenye duka la nguo. Bosi alikuwa na amplifaya ya lampu, zile chupa za kioo za kukuza sauti, iliyokula betri ya lori, na spika kubwa ya kuitia wateja.

Ndani kulikuwa na waya mmoja uliochukua sauti kidogo kule kwenye spika na kuirudisha mwanzo, ikiwa imepinduliwa. Mashine inajisikia yenyewe, inajirekebisha. Vijana mnaita feedback. Sauti inapungua, ila inatoka safi.

Bosi na kupungua wapi na wapi! Alinikatisha ule waya. Spika ikanguruma mpaka sokoni, maneno hayashikiki. Yeye roho kwatu.

Asubuhi moja ukungu ukafunika ziwa. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa kwetu, hawajarudi, na kaka yangu Wilondja yumo. Upande wa rasi ya Ubwari radi zimeanza. Upepo wa kule tunaujua, hauachi mtumbwi.

Tukabeba spika, amplifaya na betri hadi ufukweni. Nikashika maikrofoni, nikaita, nikaita.

Tukasikia makasia. Halafu yakaanza kusogea mbali.

Wakuu! Wanatukimbia!

Faida, mke wa kaka, akanikamata shati. "Ongeza nguvu! Bwana yangu anaenda!"

Mimi nikazima.

"Unazima juu ya nini? We shemeji gani?" Alilia kama mwenye msiba tayari.

Nilitaka kuurudisha ule waya, mngurumo uishe, maneno yashikike. Shida, spika ina nyaya mbili. Ukiunga kwenye ile isiyo yake, sauti inarudi kujiongeza badala ya kujirekebisha. Sikukumbuka ni ipi.

Nikabahatisha. Ukatoka mluzi mkali, watu wakaziba masikio. Nikaruka kuzima kabla lampu hazijaungua. Makasia hayasikiki tena. Niliogopa sana, sijawahi kuogopa vile.

Nikahamishia kwenye ya pili. Nikawasha.

Sauti ikatoka ndogo, lakini yangu kabisa, hata kigugumizi kimo. "Wi-Wilondja! Ku-kuya huku!"

Nikarudia. Nikarudia tena.

Makasia yakarudi. Mtumbwi wa mwisho tuliuvuta mchangani upepo ukiwa umeshafika.

Faida akamshika mumewe. Mimi ndiye niliyeuliza mbona walikimbia.

"Ile sauti ya kwanza tulizani ni bazungu banakuya kukamata batu ba kazi ya barabara," kaka akasema.

"Na ya pili?"

"Ya pili ilikuwa ya mutu mwenye woga. Bazungu habaogopake namna ile. Nikajua ni weye."

Bosi alipodai nikate tena ule waya, Faida alikalia lile sanduku la amplifaya, hakubanduka.

Nilichojifunza: watu wakikukimbia, usikimbilie kupaza. Sikiliza kwanza unavyosikika.

Waliowahi kuchezea amplifaya za lampu, au wenye wazee wa huku kwetu Fizi, mwageni yenu hapa. Nasoma polepole, ila nasoma.