Mpaka Kwenye Kifundo cha Mkono

Rundo la theluji lililokaa miezi mitatu pembeni mwa maegesho ya jengo letu, hapa Buffalo, wiki hii limebaki dogo kama mbuzi aliyelala. Jana nikitoka kazini nikasikia harufu ya udongo uliolowa. Wewe uliyekulia shambani unaijua. Nilisimama palepale na mfuko wa chakula mkononi, mpaka mwanangu akafungua dirisha na kuniuliza kwa Kiingereza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza kitu. Nilimdanganya. Harufu hiyo ndiyo iliyonifanya niangamize mbegu za bibi yangu.

Nilikulia juu ya kilima huko Kivu, kwenye shamba la bibi mzaa mama, ambaye sisi tulimwita tate. Lilikuwa dogo kiasi kwamba mtu akiita jikoni, aliyekuwa mwisho wa migomba aliitika bila kupaza sauti. Theluji hatukuijua, majira yetu magumu yalikuwa kiangazi. Kuanzia mwezi wa sita vumbi liliingia mpaka kwenye sufuria, na asubuhi upepo wa mlimani ulituchoma hata tukagombania moto na dende, wale wanyama wadogo wasio na mkia tuliowafuga jikoni kwa ajili ya nyama. Walipiga miluzi kila waliponisikia mlangoni, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kuwaletea majani, na kiangazi niliyafuata mpaka bondeni. Leo tulikula viazi vitamu, kesho viazi vitamu. Maharage yalikuwa yamebaki yale ya kibuyu tu, na ya kibuyu hayakuliwa.

Kibuyu kilining'inia juu ya moto, cheusi kwa moshi. Ndani yake maharage yalilala kwenye majivu ili wadudu wasiyatoboe: meupe, meusi, ya manjano, mekundu yenye madoa, na ya zambarau, madogo, ambayo bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Hakuyatenga. Mvua ikizidi, alisema, meusi yatavumilia. Ikipungua, ya manjano. Kila mwanamke kwetu alikuwa na mchanganyiko wake, na mtu aliyezijua familia aliweza kutazama sahani akataja nyumba.

Mvua ya kwanza ilikuja mwezi wa tisa, alasiri, kwa kelele kwenye majani ya migomba. Bibi aliingoja ikatike, kisha akatoka peku, akatoboa udongo kwa vidole na kuzamisha mkono. Mwaka niliotimiza miaka minane aliuzamisha wangu, akanigusa mfupa wa kifundo.

"Mupaka hapa," akasema. "Ikifika hapa, usiulize mutu."

Tukapanda siku hiyohiyo, mama na jembe mbele, mimi nyuma na mbegu, mbili kila shimo. Jirani yetu, mwanamke mwenye mdomo, akasimama njiani akicheka.

"Mama mukubwa! Ile mvula ni ya kudanganya! Unalisha ndege?"

"Bon, weye ngojea," bibi akamjibu bila kuinua kichwa. "Utakuja hapa na kitunga kuomba majani."

Na kweli alikuja. Majani machanga ya maharage yalipojaa, alitokea na kitunga chake, akijifanya amekuja kusalimia tu. Bibi akamjazia, wote wawili wakicheka mpaka wakakaa chini.

Vita ilipotufikia, bibi alikataa kuondoka. Alimfungia mama maharage kwenye kona ya kitenge, akasimama mlangoni akitutazama tukishuka kilima. Hatukumwona tena. Mama aliyapanda kwenye kambi ya wakimbizi, nyuma ya nyumba yetu ya udongo, miaka na miaka, akila machache na kutunza mengi. Tulipopata safari ya Amerika, konzi moja ilikuja ndani ya pindo la kitenge mpaka Louisville, na huko akapewa kipande cha ardhi nyuma ya kanisa, mtaa wa Newburg. Kila mwaka alivuna, akarudisha mbegu kwenye kopo la kahawa lenye majivu ya mkaa wa kuchomea nyama.

Mimi sikutulia. Nilienda Columbus, nikarudi, nikaenda tena, kisha Buffalo, nikifuata kazi za ghala, au labda nikifuata miguu yangu tu. Kwa hiyo sikuwahi kumwona mama akipanda katika nchi hii.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mama alianguka akavunjika nyonga. Nikashuka Louisville kumtunza. Jua likawaka siku kumi, watu wakatembea mikono wazi, kisha ikanyesha alasiri moja. Harufu ikaja. Nilichukua kopo, nikaenda nyuma ya kanisa, nikazamisha mkono. Udongo umelowa mpaka kwenye kifundo. Nilipanda mbegu zote, mbili kila shimo, hadi kopo likabaki majivu matupu. Tangu tuache kilima kile sikuwahi kufurahi namna hiyo.

Jioni nikamwambia mama hospitalini.

"Mama, nimekupandia maharagi."

Akafumbua macho. "Ya kopo?"

"Ndiyo, mama. Udongo umelowa mupaka hapa."

"Yote?"

"Yote."

"Ule muzee muzungu wa karibu na kanisa, ameisha kutoa miche yake ya nyanya inje?"

"Nyanya? Bado."

"Miye nangojeaka ule muzee atoe, ndiyo napanda," akasema.

Yaliota. Niliyaona yakiinua shingo, nikaanza kuamini. Kisha ukaja usiku mmoja wa baridi ya kugandisha maji, na asubuhi yote yalikuwa meusi na laini, kama mboga iliyopikwa. Nilichimba shimo baada ya shimo kwa vidole nikitafuta hata harage moja ambalo lilikuwa halijaota. Yaliyobaki yalikuwa yameoza.

Mama hakunigombeza. Nilipomaliza kulia aliniambia, "Tate angepanda ile siku ile ile." Halafu akageukia ukuta.

Sasa ananunua maharage ya dukani, ya rangi moja. Nilipotaka kumwaga majivu ya kopo alisema, "Acha," nalo lipo mpaka leo juu ya jiko lake. Kule kilimani wanalima watu tusiowajua, na sijui wanapanda nini. Kibuyu, dende, jirani na kitunga chake, vimebaki vichwani mwetu, mama na mimi. Mwanangu nikimhadithia ananisikiliza kwa adabu.

Jana, kabla ya kuingia ndani, niliweka mfuko chini, nikainama pembeni mwa lile rundo la theluji na kuzamisha mkono. Udongo ulikuwa baridi kama chuma, umelowa mpaka kwenye kifundo. Nikautoa mkono, nikaupangusa kwenye koti la kazi, nikaokota mfuko wangu.