Salamu Iliyozima Mashine ya Msasa

Ukifika Heru Juu ukaulizia habari za mama fundi wa mbao, kuna watu watakuambia kwamba siku moja nilivuta vumbi jingi mpaka nikaona watu wasiokuwepo. Waache waseme. Vumbi nimevuta, sikatai, lakini vumbi halijawahi kumsalimia mtu. Hiki ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, akili zangu timamu, nimekula na nimelala vizuri. Wala haikuwa usiku. Najua mnavyopenda visa vya usiku, kana kwamba mizimu ina zamu kama walinzi wa maduka. Wa kwangu alikuja mchana, mvua inanyesha.

Nianze na mashine, maana bila hiyo hakuna kisa. Mimi na mume wangu tuna karakana ndogo kando ya nyumba ya wakwe zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha useremala tulipooana, na nasema bila haya kwamba kwa kupiga msasa nimempita. Zamani tulisugua kwa mkono, ubao wa meza unakula nusu siku na bega linawaka moto. Kisha tukapata mashine. Haikuwa mpya. Tuliinunua kwa mjane mmoja wa Kitahana, kule Kibondo, ambaye marehemu mume wake alikuwa seremala. Marehemu alikufa kwa nini? Hatukuuliza, na yeye hakusema.

Kama hujawahi kuiona, ni meza ya chuma yenye mkanda mpana unaotembea taratibu, na juu yake kuna roli nene iliyozungushiwa msasa, inazunguka kwa kasi. Unaweka ubao upande huu, mkanda unaupeleka chini ya roli, unatokea upande wa pili laini kama shavu la mtoto mchanga. Ukiiona inavyofanya kazi utaipenda tu. Ila haijui tofauti ya mninga na kidole.

"Hii ikikamata haiachii," mume wangu aliniambia siku ya kwanza, na hakuniruhusu kuigusa mpaka nimeyarudia masharti yake yote kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtandio hapana, glavu hapana, shati la mikono mirefu hapana. Barakoa usoni. Usisimame nyuma ya ubao, kaa pembeni, kwa sababu siku mashine ikiamua kuurudisha, hautarudi polepole. Toa unene kidogo tu, halafu pitisha tena. Mwenye haraka akanunue kitanda cha chuma. Na ukitaka kubadilisha msasa, kuzima swichi hakutoshi, chomoa waya kwenye soketi. Niliyashika yote. Nikachukua ovaroli yake ya zamani, nikaikata mikono, nywele nikazificha ndani ya kofia.

Tatizo likawa ovaroli yenyewe. Ovaroli ni suruali, na baba mkwe wangu njia yake ya kila siku inapita mbele ya karakana. Kwetu mwanamke hasimami na suruali mbele ya baba mkwe. Mzee hakunigombeza. Angenigombeza ningejitetea. Alifanya kibaya zaidi: akaanza kuzunguka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kwenye matope, ili asinione. Mzee wa watu na fimbo yake anateleza matopeni kwa ajili yangu! Baadaye akamwambia mume wangu kwamba ile mashine ingefaa ashike mwanaume, mimi nirudi kwenye mihogo. Nilipoambiwa, moyo uliniuma sana. Kulima mihogo kila mtu analima. Mikono yangu hii na zile mbao ndiyo fahari pekee niliyonayo duniani, na sikuwa tayari kuiacha.

Basi nikapata dawa, nikajiona mjanja kweli. Nikawa nafunga kitenge kiunoni, juu ya ovaroli. Mzee akarudi kwenye njia yake ya mbele, tukawa tunasalimiana vizuri, maneno ya mihogo yakaisha. Mume wangu akiwepo nilikivua, maana nilijua atasema nini. Akiondoka nilikifunga. Umeshaanza kuona mambo yanakoelekea?

Siku hiyo yeye alikuwa Rungwe Mpya, anapachika milango ya kanisa. Mimi nilibaki na mbao za mninga za kitanda cha harusi. Mvua ilikuwa kubwa, bati linanguruma, na mashine nayo inanguruma. Ikiwa imewaka, ile mashine haikuachii sauti nyingine. Simu sisikii, mtoto akilia sisikii, hata radi naijua kwa kuiona.

Nikasikia makofi.

Labda wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Sisi Waha hatumsalimii mtu mzima kwa kupunga mkono tukaendelea na kazi. Unaacha ulichoshika, unainama, na kama ni mwanamke unapiga goti, unapiga makofi polepole kwa viganja vyote viwili, na maneno yanafuata, mengi, mpaka mgeni kutoka Dar aliyesimama pembeni anaanza kuangalia saa. Ndiyo makofi hayo niliyoyasikia. Yalisikika wazi, karibu na sikio langu, kama watu wote wamenyamaza. Kisha ikaja sauti ya mzee, wala hakuipaza.

"Mwidiwe."

Ndiyo salamu yetu ya mchana. Niambie, ungefanya nini? Mimi nimelelewa. Mzee akikusalimu humjibu huku umeshikilia ubao. Kabla sijafikiri lolote mkono ulishakwenda kwenye swichi, nikazima, roli ikaanza kupunguza mwendo, nikageuza kichwa.

Alikuwa amesimama hatua moja ndani ya mlango. Mzee mrefu nisiyemjua, amevaa koti refu la kijivu kama wanayovaa wazee wa huku milimani asubuhi za baridi. Kuna mambo niliyaona palepale, ila akili haikuyaunganisha. Mvua ilikuwa inapiga mgongoni kwake na yeye ni mkavu. Kwenye nyusi, kwenye ndevu, hadi kwenye kope, alikuwa na unga wa mbao, nikajisemea huyu ni fundi mwenzetu. Na lile koti halikuwa na mkono wa kulia. Ulikuwa umenyofolewa begani, nyuzi zinaning'inia, mkono wake mwenyewe umetokeza pale ukiwa wazi.

Akanipigia makofi tena. Sasa roli imesimama na karakana imetulia. Niliona viganja vinakutana, na sikusikia kitu.

Nikadhani masikio yamezibwa na kelele za mashine. Nikataka kupiga goti nimwitikie, nikashindwa. Kitu kilikuwa kimenishika kiunoni. Nikajivuta, kikakaza. Nikatazama chini.

Ncha ya kitenge changu ilikuwa imeingia chini ya ubao. Mkanda ulikuwa unaivuta pamoja na ubao, taratibu, na mimi sikuhisi kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeegemea mbele nikisukuma. Ukingo wa nguo ulitokeza pembeni mwa ubao, na nyuzi zake za kwanza zilikuwa zimeshaguswa na msasa, zimechambuka. Ingesogea kidogo tu, roli ingekidaka kitenge na kujizungushia, na kitenge kilikuwa na fundo mara mbili kiunoni kwangu. Mikono yangu ilikuwa mbele, juu ya ule ubao. Ingetangulia yenyewe.

"Usipige goti," yule mzee akasema. "Fungua nguo kwanza, mwanangu. Salamu itangoja."

Umewahi kumsikia wapi mzee wa Kiha akisema salamu ingoje? Nikalihangaikia lile fundo mpaka likafunguka. Nikabaki na suruali mbele ya mtu mzima. Yeye akageuza uso, akatazama ukutani kama baba mkwe anavyofanya, akanistahi mpaka nilipomaliza. Niamini, mpaka hapo sikuwa nimemwogopa hata chembe. Nikachomoa waya kwenye soketi, nikainua kichwa nimshukuru.

Mlangoni kulikuwa na mvua tu. Sakafuni kulikuwa na vumbi la kutwa nzima, na nyayo zilizokuwemo zilikuwa zangu peke yangu.

Hapo ndipo woga uliponishika. Nilikimbia kwenye mvua hadi kwa baba mkwe, na ovaroli yangu, bila kitenge, nikakaa chini kwenye baraza yake. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, naitazama mikono yangu mbele na nyuma, nakunja vidole, nakunjua, vyote vipo. Mzee alianza kugeuza uso, kisha akaniona vizuri, akaacha. Akakaa karibu yangu. Nikamweleza yote, hata habari ya kitenge na kwa nini nilikivaa.

"Ulimwitikia?" akauliza.

"Sikuwahi, baba. Alisema salamu ingoje."

"Basi inangoja. Itabidi ipelekwe."

Hakuuliza kama nimeota. Hakusema niombewe, ingawa baadaye mchungaji alisema. Kwake yeye jambo lilikuwa moja: mtu mzima amesalimu na hajaitikiwa. Mume wangu aliporudi tukapanda gari la asubuhi sote watatu kwenda Kitahana, kwa sababu mzee alisema kama ni fundi mwenye vumbi, tukaulize kule mashine ilikotoka.

Yule mjane, Mama Yoramu, alitupokea kwa "Mwakeye" za asubuhi, lakini macho yake yalikuwa na wasiwasi. Alidhani tumekuja kurudisha mashine. Akatuwekea chai, nikaanza kusimulia. Nilipofika kwenye koti akakiweka kikombe chini.

"La kijivu," akasema. Sikuwa nimetaja rangi.

Ndipo akatuambia. Baba Yoramu aliwakataza watu wote makoti karibu na ile mashine, aliwafokea hata wateja. Asubuhi moja kulikuwa na baridi kali, umebaki ubao mmoja, akasema nikivua koti nitatetemeka, ngoja nimalizie hivi hivi. Mashine ikadaka mkono wa koti, na mkono wake ndani yake. Hakufika hospitali.

"Niliogopa kuwaambia," Mama Yoramu akasema. "Nani angeichukua?"

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, akaniwahi kwa swali. Aliuliza polepole, bila kunitazama.

"Mkono wake wa kulia. Uliuona?"

"Niliuona, mama. Ulikuwa mzima. Alinipigia makofi kwa viganja vyote viwili."

Mama Yoramu alishusha pumzi ndefu sana, akajifunika uso kwa ncha ya kanga yake. "Tulimzika bila huo mkono," akasema. "Tangu siku hiyo nikilala najiuliza, huko aliko anawasalimiaje wenzake?"

Hasira zote ziliniisha. Baba mkwe akavua kofia. Mume wangu akatoka nje. Mama Yoramu alilia kidogo, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo, akasema haturuhusiwi kuondoka bila kula. Tulikula ugali wa muhogo na maharage, tukala kama watu waliotoka kulima. Kabla ya kuondoka alinipeleka kaburini, nyuma ya nyumba. Nilipiga goti, nikapiga makofi, nikamwitikia yule mzee salamu yake, na maneno yote yanayofuata nikayasema, sikuruka hata moja.

Hajanitokea tena. Mara nyingine mashine inanguruma natega sikio, lakini kuna kelele tu, na moyo wangu umetulia. Kilichobaki ni utaratibu wa karakana, na huo aliuweka baba mkwe. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni nikiwa na ovaroli, akanitazama usoni, akatangaza mbele ya wateja kwamba humo ndani hakuna mkwe wala goti, kuna fundi. Salamu ni nje, kwenye benchi, mashine ikiwa imezimwa. Wapo wanaonung'unika kwamba Mzee amezeeka vibaya, anaruhusu mkwe wake avae suruali. Huwa anawaambia yeye anapenda mkwe mwenye mikono. Mihogo haijatajwa tena.

Nawe unayenisikiliza, kama una mashine ya namna hii, vua. Koti, mtandio, kitenge, bangili, vua vyote. Vua hata kukiwa na baridi, hata mkwe akiwa anapita, hata ukiwa umebakiwa na ubao mmoja, maana huo mmoja ndio uliomuua Baba Yoramu. Mimi alinijia, akaisimamisha salamu yake ili nisije nikakosa mikono ya kuiitikia. Wewe sijui kama unaye wa kukupigia makofi.