Duka Lililotaka Karte Yangu

Huyu Blandine ninayemushukuru ni mutoto wa Kirolirwe, kule juu milimani, kama miye. Vita ya 2023 ilipoanza alikimbia mbele yetu, akateremuka mpaka Bweremana kando ya ziwa, akanunua mwamvuli, meza na telefone mbili, akaanza kazi ya kuweka na kutoa makuta, pesa za watu, kwa simu. Siye tulipofika na kupewa hema ya wakimbizi tulimukuta hapo kando ya barabara, amenona kidogo, na ule mudomo wake mukali haujabadilika hata kidogo.

Sasa mujue desturi yetu. Wengi hatukuzoea kubonyeza wenyewe. Unamupa mwenye meza telefone, unamutajia nimero yako ya siri kwa sauti, yeye anafanya. Kumuficha hiyo nimero ilikuwa kama kumuambia mbele ya watu: wewe uko mwizi. Nani anapenda ugomvi? Nimero yangu hata wauza samaki waliijua.

Mbele ya kukimbia nilikuwa nimeuza ng'ombe wangu wa mwisho. Makuta yote yalikuwa mu telefone, na yalikuwa na kazi moja: mashini ya kushona ya binti yangu Aimée. Bwana wake aliuawa huko juu, hata kaburi hatukuliona. Mashini njo ingelisha watoto wake watatu. Ng'ombe mwingine hakuna.

Siku moja Aimée akanionyesha duka moja la mutandaoni: mashini mupya, nusu ya bei, wanakuletea mpaka mulangoni. Mulango gani, na siye tuko mu hema? Lakini nikafurahi sana. Duka likauliza jina, nikatoa. Nimero ya simu, nikatoa. Tarehe ya kuzaliwa, picha ya karte ya uchaguzi, njo kitambulisho chetu, mbele na nyuma, nikatoa. Mwishoni likaomba nimero ya siri, eti kwa kuhakikisha. Aimée akasita. Nikamukaripia: "Andika! Wenye kazi ya makuta wote wanaulizaka!"

Halafu nikaenda kujigamba kwa Blandine. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akashika kichwa.

"Mama Aimée! Duka linahitaji jina, simu na mahali pa kuleta muzigo, basi. Karte ya nini? Nimero ya siri ya nini? Kwa vile vyote wataenda kutengenezesha laini ingine, kadi ya simu yenye nimero yako hii hii, kwa jina lako, waingie, wachote. Umewapa mutu muzima!"

Nililia pale barabarani, sioni haya kusema. Ng'ombe wangu, watoto wa Aimée, yote nilikuwa nimeyagawa mwenyewe, tena kwa makaripio!

Blandine hakunibembeleza. Akavuta makuta yangu yote mu telefone yangu mbele wezi hawajafika, akafungua kisanduku chake, akanihesabia noti zote mukononi, akabaki hana noti hata moja, wateja wananuna. Akafunga mwamvuli mbele ya saa sita, akanipeleka kwa Papa Edmond, mufanyabiashara aliyetoka Butembo, mwenye duka la ukuta na mulango hapo hapo Bweremana. Tukanunua mashini ya zamani. Gurudumu nililizungusha kwa mukono wangu, nikasikia linaenda.

"Na tangu leo," Blandine akaniambia njiani, "hata miye usinitajie nimero yako ya siri." Akawaambia wateja wote vile. Wengine walikasirika, wakahamia kwa meza ingine. Akaacha waende.

Kesho yake telefone za watu wote zilikuwa na rezo ya kupiga simu, yangu hapana. Nikakimbia kwa Blandine na kiazi cha asubuhi mukononi. Akapiga nimero yangu. Telefone yangu kimya. Lakini mwanaume akaitika! Blandine akaongeza sauti, akajifanya mutu wa ofisi, Kifaransa puani, akauliza anaongea na nani.

"Niko Régine Tumukunde," akasema yule mwenye sauti nzito, bila kutetemeka. "Nilizaliwa Kirolirwe, tarehe kumi na mbili mwezi wa nane, 1968."

Weee! Jina langu na tarehe yangu, mu kinywa cha mwanaume!

"Ajabu kabisa," Blandine akamujibu. "Régine yuko hapa pembeni yangu, anakula kiazi."

Akakata. Nikacheka, nikalia, nikamukumbatia mbele ya wateja wachache waliobaki. Mutoto wa watu, Mungu akulinde. Maana wakati yule mwizi alikuwa anataja tarehe yangu, ameshika laini tupu isiyo na makuta, Aimée alikuwa mu hema, anashona nguo yake ya kwanza ya kuuza.