Bima Ilitujengea Nyumba, Mtoto wa Watu Kalala Didia

Mwandishi wa barua hii anaishi Kahama. Tumemfichia jina kama alivyoomba. Someni mpaka mwisho ndipo mseme.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na mmoja, nina mume na watoto wanne. Tunakaa Nyahanga. Majina yote humu nimeyabadilisha, kwa hiyo msihangaike kututafuta.

Mume wangu ni Msukuma wa Didia, alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Tulipomaliza kujenga, bwana mmoja wa bima alipita kazini kwao, mume wangu akakata bima ya moto. Yule bwana alimwambia mbele yangu, wakati nawawekea chai, "Mzee, hii ni bima ya nyumba ya familia. Siku ukianza kulaza wageni wa kulipa, njoo uniambie, maana hiyo ina bima yake nyingine. Usiponiambia, ikiungua hupati kitu." Mume wangu akaitikia vizuri kabisa.

Dhahabu ilipoanza kuleta watu, vyumba vyetu viwili vya uani havikukaa vitupu. Wachimbaji walikuja kupumzika siku mbili tatu, wakalipa, wakarudi machimboni. Nilimkumbusha mume wangu habari ya bima. Akasema hawezi kwenda ofisini kutamka kwamba anauza usingizi. Mama yake kule Didia alikuwa ameshamfokea, "Tangu lini kwetu mgeni akalipishwa mkeka?" Basi kila mgeni aliambiwa amwite mjomba, na majirani wakaambiwa ni wapwa zake. Nilikuwa namtania kwamba dada yake amezaa kuliko nguruwe. Sasa siwezi kucheka tena.

Katika hao wapwa alikuwepo kijana mmoja Mzinza wa upande wa Geita, nitamwita Faustini. Mpole, akitoka machimboni ananiletea sabuni bila kuombwa. Mara ya mwisho alikuja na homa, anatetemeka mchana wa jua kali. Akaniomba moto. Nikampelekea jiko la mkaa chumbani, nikamfunika blanketi, nikaenda mashineni kusaga unga wa uji wake. Nikiwa kwenye foleni nikasikia watu wanapiga kelele kwamba kwetu kunaungua. Nilipofika bati zilikuwa zimeshaporomoka, Faustini yumo ndani. Nadhani blanketi liligusa jiko, nami ndiye niliyeliweka pale.

Balozi wa nyumba kumi alipouliza marehemu ni nani, mume wangu akajibu, "Mpwa wangu, mtoto wa dada." Mtu wa bima alipokuja kukagua akaambiwa hivyo hivyo. Nilimvuta mume wangu pembeni nikamwambia huyu mtoto ana mama yake. Akaniambia, "Nikisema alikuwa mpangaji, bima hawalipi, na wanangu watalala nje. Wewe unataka hivyo?" Watoto wangu walikuwa wamekaa juu ya magodoro barabarani.

Tukamzika Didia, kwenye mji wa wakwe zangu, karibu na zizi. Wifi yangu alinyolewa nywele kama mama aliyefiwa na mwanawe wa kumzaa. Alilia kweli, sikuona unafiki. Mama mkwe aliniambia kwa sauti ya chini, "Mayu, mama yangu, huyu si wetu. Lakini hawezi kutupwa." Hajalizungumza tena.

Bima wakalipa, nyumba ikasimama. Nikaanza kuzoea.

Baada ya mavuno akaja mwanamke mtu mzima, amebeba kikapu cha dagaa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," akasema anamtafuta kijana wake Faustini, wenzake wamemwambia alikuwa anafikia hapa. Mume wangu akadakia, "Aliondoka siku nyingi, alisema anaelekea machimbo ya Segese."

Mama wa watu akaenda Segese. Akarudi miguu imevimba, hakupata habari. Tukamlaza kwenye chumba kile kile, hatukuwa na kingine kitupu. Alipotaka kulipa mume wangu alikataa katakata, akasema mgeni halipishwi. Mimi niliingia jikoni nikalia huko.

Asubuhi nilimpelekea maji ya kuoga. Alikuwa anapapasa ukuta. Akaniambia, "Chumba kizuri, saruji bado mpya. Nafurahi mwanangu alilala pazuri."

Ameshakuja mara tatu sasa. Sipati usingizi, chakula hakipiti. Nikisema ukweli, mume wangu atafungwa kwa kuwadanganya bima, nyumba itachukuliwa, na wanangu watarudi barabarani. Wifi naye atawaangalia vipi watu wa Didia? Nikinyamaza, yule mama ataendelea kuzunguka machimbo yote akiuliza habari za mtu ambaye kaburi lake mimi nimelipalilia. Mume wangu nikimgusia anasema yaliyopita tuyaache. Kwake yeye yamepita.

Safari ya mwisho aliniachia shati jipya la kijana wake, amelikunja vizuri ndani ya kitambaa. Akasema, "Mwanangu, wewe nakuamini. Akipita hapa mpe, mwambie sijamkasirikia." Nikalipokea kwa mikono miwili.

Shati lipo sandukuni, chini ya nguo zangu. Amesema atarudi mvua zikikatika, na mvua zimeshaanza kukatika. Ninyi mnaosoma, wengine mna watoto huko machimboni. Nishaurini, akiniuliza kama nimempa, nimjibu nini?